Gabriel, Anderson, Lake, Haslam au Geddy Lee: uanze na sauti ipi katika roki ya progresivu?

"Mjomba, huyu ataimba saa ngapi?"

Mpwa wangu aliniuliza hivyo tukiwa barazani, tumegawana spika za masikioni, yeye sikio la kulia, mimi la kushoto. Nilikuwa nimemwekea "Close to the Edge" ya bendi ya Yes. Maji yalitiririka, ndege wakalia, kisha gita, besi na dramu zikaanguka kwa pamoja kama masufuria yaliyoponyoka kabatini. Dakika ya pili ikapita, ya tatu nayo ikapita, na zaidi ya vijiyowe viwili vitatu hakuna mtu aliyeimba. Nikamwambia, ngoja, mwanangu. Ilipokaribia dakika ya nne ndipo Jon Anderson akaingia na ubeti wa kwanza. Mpwa wangu hakuuliza tena kitu mpaka wimbo ulipoisha, na huo ni wimbo wa dakika 18 na zaidi.

Swali lake lilinikaa kichwani, kwa sababu ndilo swali lenyewe la muziki huu. Roki ya progresivu ilizaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, pale vijana waliokuwa wakipiga roki ya kawaida walipoanza kuchota kwenye jazi, kwenye okestra na kwenye nyimbo za kale za kwao, wakafika mahali wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri. Mwimbaji wa muziki kama huo ana kazi nzito. Anaweza kukaa dakika tano bila kutamka neno huku wenzake wakionyeshana ufundi, na akiingia lazima msikilizaji aone kwamba kungoja kwake hakukwenda bure. Aliyekulia kwenye taarabu hahitaji kuelezwa sana. Anajua okestra hupiga kwanza, watu wakatulia vitini, ndipo mwimbaji akasogelea maiki.

Anayetaka kuingia katika muziki huu mara nyingi huambiwa aanze na bendi fulani au albamu fulani. Mimi namshauri aanze na sauti. Sauti ikikukataa, wapigaji wawe hodari namna gani, hutafika dakika ya kumi. Kwa hiyo nimewapanga wale ninaowapenda zaidi, na nitasema wazi nani anamfaa nani.

Nianze na wawili ambao mashabiki wamebishana juu yao kwa zaidi ya miaka 50: Peter Gabriel wa Genesis na Jon Anderson wa Yes.

Gabriel ni msimulizi. Alizaliwa 1950, akaianzisha Genesis pamoja na wenzake wa shule ya Charterhouse huko Surrey mwaka 1967, akaiacha 1975. Sauti yake ina mchanga ndani, si laini, na haiko juu sana. Ukuu wake ni kwamba anajua kuwa watu wengi ndani ya wimbo mmoja. Msikilize katika "Supper's Ready", wimbo wa dakika 23 kwenye albamu ya Foxtrot ya 1972. Hapo hakuna kungoja. Sauti inaingia pamoja na magita: mtu yuko sebuleni, anazima televisheni, anamtazama mpenzi wake, na uso wa mpenzi unageuka mbele ya macho yake. Kutoka hapo Gabriel anakuwa mhubiri, anakuwa askari, anakuwa ua linalozungumza, na kila mmoja ana koo lake.

Kaseti ya Foxtrot niliipata nikiwa na miaka 15. Kaka yangu alikuwa baharia, na aliporudi Mombasa safari moja alinitupia ile kaseti akaniambia, hii mimi imenishinda. Nusu ya Kiingereza kile sikukijua. Lakini nilijua ni nani anayesema, na nilijua hasa ni wapi amekoma kuwa yule akawa mwingine. Mpaka leo sijapata mwimbaji wa roki anayeweza kukufikishia hilo kwa sauti peke yake.

Kuna mahali karibu na mwisho wa wimbo huo ambapo Tony Banks wa Genesis anapiga kinanda kwa mapigo tisa, na mkono wako ukijaribu kufuata juu ya goti unapotea. Banks alikusudia pale pawe pa kinanda tupu. Gabriel akaja akaweka sauti juu yake. Mwenye kinanda hakufurahi mwanzoni, halafu akakubali kwamba kilichopatikana ni kikubwa kuliko alichokusudia. Gabriel anaingia pale akiwa karibu kupasuka koo. Nywele zinasimama.

Na alikuwa mtu wa jukwaa. Mwaka 1972 mjini Dublin alitoka amevaa gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, na wenzake wa bendi hawakuwa wameambiwa. Tangu siku hiyo maleba yakawa sehemu ya Genesis. Kasoro ikaja na hayo hayo maleba: katika safari ya kuonyesha albamu ya The Lamb Lies Down on Broadway, 1974 hadi 1975, vazi moja lilivimba mapovu kila upande hata kufikisha maiki mdomoni ikawa shida. Mwimbaji anayefunikwa mdomo na nguo yake mwenyewe amekwenda mbali mno. Kwa hiyo mimi namchagua Gabriel wa santuri, na hasa Foxtrot na Selling England by the Pound ya 1973. Hiyo ya pili inafunguliwa na sauti yake peke yake, bila chombo hata kimoja.

Sasa mweke Anderson kando yake. Alizaliwa 1944 Accrington, mji wa viwanda huko Lancashire, na sauti yake ni nyembamba, safi, iko juu bila kubanwa. Wengi hudhani anaigiza. Ndivyo koo lake lilivyo. Hata akizungumza unaisikia. Anayemsikia mara ya kwanza huweza kumdhania mtoto wa kwaya. Maneno yake huchaguliwa kwa mlio kuliko maana. Ukikaa na kamusi kutafuta Anderson anasema nini utapoteza jioni yako; ukiyaacha maneno yapite kama zumari, unampata.

Turudi kwenye "Close to the Edge". Katikati ya wimbo vyombo vyote vinatulia. Linabaki tone la kinanda hapa, jingine pale, kama uko ndani ya pango. Sauti mbili tatu zinapishana polepole, na ya Anderson inapanda ngazi moja, inangoja, inapanda nyingine. Ikifika juu kabisa, Rick Wakeman, mpiga vinanda wa Yes, anaingia na kinanda kikubwa cha kanisa, kile cha mabomba, na sauti yote iliyokuwa imezuiwa inafunguka. Mpwa wangu alinishika mkono mahali hapo. Hilo Gabriel hakupi. Gabriel anakufanya uone watu. Anderson anakufanya uone nuru.

Sauti yake imekuwa mali ya bendi kiasi kwamba alipougua 2008, Yes walimchukua Benoît David, mwimbaji wa Kanada aliyekuwa katika bendi iliyopiga nyimbo za Yes. Bendi nyingine hubadilisha mwimbaji zikabadilika. Yes wametafuta sauti ya namna ile ile kila mara. Na upungufu wa Anderson uko hapo hapo: hana kivuli. Wimbo ukitaka hasira au hofu, bado anang'aa. Albamu ya Tales from Topographic Oceans ya 1973 ina nyimbo nne tu katika santuri mbili, na kwa mgeni ni mwanga mwingi mno kwa wakati mmoja. Usianze nayo.

Kati ya hao wawili mimi ni wa Gabriel, na sina haja ya kuficha. Lakini namshauri aanze na Anderson mtu yeyote ambaye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, au ambaye husikiliza usiku ili atulie.

Kabla sijamwacha Gabriel, jambo moja linalotugusa. Baada ya kutoka Genesis alishiriki kuanzisha WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, lililofanyika mara ya kwanza 1982 na kuingia hasara kubwa. Wenzake wa zamani wa Genesis walirudi kupiga naye onyesho moja mwaka huo huo ili deni lipungue. Baadaye akaanzisha lebo ya Real World, na ni lebo hiyo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala mwaka 1989, kisha Mambo mwaka 1992. Hukwe Zawose wa Bagamoyo naye alirekodiwa huko. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam aliyemiliki kaseti ya Dokta Remmy huenda aliwahi kushika mkononi kazi ya lebo ya Gabriel bila kujua kwamba mwenyewe alikuwa mwimbaji wa Genesis.

Greg Lake ni habari nyingine kabisa. Sauti nene, tulivu, kila neno limewekwa mahali pake kama tofali. Alikuwa na miaka 21 tu aliporekodi In the Court of the Crimson King na King Crimson mwaka 1969, na ukisikiliza "Epitaph" utadhani ni mtu wa miaka 50 aliyezika wengi. Vinanda vya melotroni, vile vinavyotoa milio ya okestra kutoka kwenye kanda, vimejaa nyuma yake kama wingu la masika, naye hapigi kelele. Anasema tu. Halafu katika wimbo wa kwanza wa albamu hiyo hiyo sauti yake imekwaruzwa kwa makusudi mpaka inatoka kama redio mbovu, ujue kwamba utulivu wake ni uamuzi.

Mwaka 1970 akaungana na mpiga vinanda Keith Emerson na mpiga dramu Carl Palmer, wakawa kundi la Emerson, Lake & Palmer. Jukwaani alikuwa akisimama juu ya zulia la Kiajemi, akipiga besi na gita huku anaimba. Wimbo wao unaojulikana zaidi, "Lucky Man", aliutunga akiwa na miaka 12. Hapo anapendeza. Lakini katika nyimbo ndefu za kundi hilo Emerson na vinanda vyake hula nafasi yote, na Lake anabaki kama mgeni aliyekaribishwa akanyimwa kiti. Nasema hivi nikiwa ninampenda: mchague Lake wa King Crimson kwanza. Alifariki Desemba 2016.

Aliyevutiwa na Lake atampenda pia John Wetton, aliyeingia King Crimson 1972. Sauti ni ya ukoo mmoja ila ina kovu. Kuna wimbo wake mmoja, "Starless", wa mwaka 1974, dakika 12, ambao ningeweza kuuandikia makala peke yake. Nitaugusia tena mwishoni.

Mwanamke ambaye majina ya wanaume humfunika bure ni Annie Haslam wa Renaissance. Alizaliwa Bolton 1947, akaitikia tangazo la bendi lililokuwa gazetini, na tangu 1971 ndiye aliyekuwa sauti yao. Alikuwa amefundishwa na mwimbaji wa opera, na inasikika: pumzi yake haiishi, na juu kabisa noti haitetemeki ila pale anapotaka itetemeke. Gabriel anaigiza, Anderson anang'aa, Lake anasema, Haslam anaimba. Kwa maana ya kwanza kabisa ya neno hilo, ndiye mwimbaji kuliko wote katika orodha yangu.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mlango uliofunguka tayari. Upande wa pili wa albamu yao ya 1975, Scheherazade and Other Stories, ni wimbo mmoja wa karibu dakika 25 pamoja na okestra, na kisa chake ni kile tulichokisoma shuleni na kusimuliwa na bibi zetu: Alfu Lela Ulela, sultani anayeoa na kuua, na mke anayejiokoa kwa hadithi isiyokwisha. Kisa hutahitaji kuelezwa. Utabaki na sauti tu. Ukitaka kifupi zaidi, "Ashes Are Burning" ya 1973 ina dakika 11, na mwishoni anashikilia noti ya juu ambayo mpwa wangu, anayeimba sauti ya kwanza katika kwaya yao, alijaribu kuishika pamoja naye akashindwa mara tatu, akacheka, akarudia.

Upungufu upo. Maneno mengi aliyoimba yaliandikwa na mshairi Betty Thatcher, na ni mashairi ya kiungwana mno wakati mwingine, hutasikia jasho. Anayetaka roki igonge mlango atauona muziki wa Renaissance kama mkeka uliotandikwa vizuri lakini hakuna aliyekuja kuukalia. Mimi jioni nyingi nataka mkeka huo.

Na kwa kuwa tumefika kwa wanawake: Januari 1973 Clare Torry aliitwa studio za Abbey Road kuwaimbia Pink Floyd wimbo usio na maneno, "The Great Gig in the Sky". Hakupewa ubeti wala kiitikio. Alilia kwa sauti, akashuka, akanong'ona, akalipwa pauni 30 akaenda zake. Albamu yenye wimbo huo, The Dark Side of the Moon, ikauzwa kwa mamilioni. Alishtaki mwaka 2004, na mwaka uliofuata wakapatana, jina lake likaandikwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright, mpiga vinanda wa Pink Floyd. Si mwimbaji wa bendi, kwa hiyo simpi nafasi katika ulinganisho huu, lakini dakika zake nne na ushei zinawashinda wengi waliokaa jukwaani maisha yao yote.

Geddy Lee wa Rush, Toronto, ndiye anayegawa watu. Wako wasioweza kumvumilia hata dakika moja, na siwalaumu: katika miaka ya 1970 alikuwa anapiga ukelele mwembamba wenye makali ya wembe. Mimi mwenyewe nilimkimbia miaka mingi. Aliyenirudisha ni wimbo wa "2112" wa mwaka 1976, dakika 20. Makuhani wanatawala ulimwengu usio na muziki, na Lee anawaimbia wao kwa ule ukelele wake wote. Kisha kijana mmoja anakuta gita la kale pangoni nyuma ya maporomoko ya maji. Unasikia maji. Unasikia nyuzi zikiguswa ovyo, kisha zikikazwa moja baada ya nyingine mpaka zikubaliane, na mpiga gita wa Rush, Alex Lifeson, anapiga kama mtu ambaye hajawahi kushika chombo. Halafu Lee anaingia kwa sauti ndogo, ya upole, ya mtu anayestaajabu. Hapo nilielewa kwamba ule ukelele ulikuwa wa makuhani. Kijana anapowapelekea gita lake, sauti hizo mbili zinajibizana kutoka koo moja, na unajua nani atashinda.

Zaidi ya hayo, anaimba huku anapiga besi ambayo mtu mwingine angehitaji mikono mitatu, na miguu yake iko kwenye pedali za kinanda. Maneno aliyaandika mpiga dramu Neil Peart, aliyefariki Januari 2020. Kuanzia Permanent Waves ya 1980 Lee alishusha sauti, na Moving Pictures ya 1981 ndipo pa kuanzia kwa asiyependa ukelele. Kijana wa miaka 17 mwenye nguvu za kuvunja ukuta, mpe Rush kabla ya wote niliowataja.

Wengine niwapitie haraka. Phil Collins alichukua maiki ya Genesis baada ya Gabriel, akiwa mpiga dramu wao, na katika A Trick of the Tail ya 1976 anafanana naye mpaka wengine hawakutambua. Ana upole zaidi, hofu kidogo. Peter Hammill wa Van der Graaf Generator ananguruma na kunong'ona ndani ya mstari mmoja. Ni dawa kali, usimpe mgeni. Na watu wa Unguja wataniuliza, vipi Freddie Mercury, mtoto wa Mji Mkongwe aliyezaliwa 1946? Queen II ya mwaka 1974 inakaa vizuri kabisa katika familia hii, na koo lake lingeweza kuimba nyimbo za wote niliowataja. Lakini Queen walitoka humo mapema wakaenda kwingine, nami nimemwachia nafasi yake huko.

Kama una saa moja tu Jumapili hii, fanya hivi. Weka "Epitaph" kwanza, kwa sababu haihitaji uzoefu. Fuata na "Close to the Edge", taa umezima. Ukiona umechoka na wanaume, nenda kwa Haslam. "Supper's Ready" iweke siku nyingine, uwe na maneno mbele yako.

Mpwa wangu nilimwandikia orodha kama hiyo kwenye karatasi akaondoka nayo. Chini kabisa niliongeza "Starless" bila maelezo. Katika wimbo huo Wetton anaimba dakika nne za mwanzo kwa huzuni isiyo na pambo, kisha ananyamaza. Gita linashika noti moja, linaigonga na kuigonga, linapanda kidogo kidogo, dramu zinakaza, na kila dakika unadhani sasa atarudi.

Ujumbe ulifika usiku, saa tano kasoro. "Mjomba, nimengoja mpaka mwisho. Hakurudi."

Nikamjibu aurudie, na safari hii, mwishoni, asikilize saksafoni inaimba nini.